Tumbaku Kwenye Majani ya Neema

Jumamosi, 6 Januari 1996
Viwavi wamerudi! Majani ya tembo, chakula cha ng'ombe wangu Neema, yamebaki vijiti. Na Neema ana mimba. Kikundi chetu cha wafugaji hapa Magamba kilinipa ng'ombe huyu kwa sharti moja: ndama jike wa kwanza aende kwa jirani yangu Nyanzala, mjane. Bwana mifugo Apolinari kasema nipande katikati ya mistari mmea ambao wadudu hawapendi harufu yake. Mbegu ataleta, nisubiri. Nisubiri! Mdudu gani anavuta tumbaku? Nimechukua miche kwa Siméon, mkulima wa tumbaku kule Katumba. Akili ni mali.

Jumatano, 21 Februari
Kiwavi hata mmoja hakuna! Apolinari kapita, nimempitisha nyuma ya nyumba asilione shamba. Shida ndogo: tumbaku imenona kuliko majani, na Neema anaichambua anaitupa. Jeuri. Mke wangu Katarina anasema ng'ombe kanizidi akili.

Alhamisi, 22 Februari
Nimekatakata majani na tumbaku pamoja kwa panga, nikachanganya na pumba na maji ya chumvi. Kala mpaka kalamba beseni! Jioni Nyanzala kaja na kamba ya ndama, kaisokota mwenyewe. Banda lake tayari. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Ijumaa, 23 Februari
Neema kaamka anatetemeka, udenda unamtoka, miguu haimbebi. Saa nne kafa.

Apolinari kampasua. Tumboni tumbaku tupu. Kisha katoa ndama mfu. Jike. Nyanzala kaniambia, "Baba Gaudensi, huyu alikuwa wangu." Nimeona aibu mpaka nimekaa chini.

Apolinari kaamuru nyama yote ifukiwe. Hapo ndipo majirani walipolia kwelikweli.

Jumapili, 24 Machi
Kikundi kimempa Nyanzala mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kutoka Inyonga. Mimi wamenifuta jina. Sawa. Ila leo baada ya misa Nyanzala kalalamika viwavi wameingia kwenye majani yake. Roho imeniuma. Yule mama nimemtesa, lazima nimfute machozi.

Dawa ninayo: utupa, mmea ule unaotwangwa na kutiwa mtoni samaki waelee. Mbegu kikapu kizima! Kesho akienda kisimani nampandia mistari yote, kimyakimya. Katarina kanisihi niache, eti utupa unaua. Unaua samaki. Mtamba si samaki.