Samli ya Mpwapwa na Jeni Zilizolala

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimepona upara! Bado haionekani, lakini nimepona. Mpwa wangu Salwa, anayesoma baiolojia chuo kikuu, kanieleza nikiwa nashona. Eti jeni zimo kwenye uzi mrefu, na uzi huo umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Kama bobini! Miaka yote nimekalia cherehani bila kujua mimi ni mwanasayansi. Kuna vimeng'enya vinavyoukaza uzi na vingine vinavyoulegeza. Ukikazwa, jeni inalala. Katika baadhi ya saratani hulala zile jeni za kuzuia uvimbe, ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa za kuvidhibiti hivyo vinavyokaza. Chache zimeshaanza kutumika. Nikamuuliza kama kuna kitu cha nyumbani chenye kazi hiyo. Kasema ipo kemikali moja kwenye samli, ila... Sikusubiri ila.

Nywele zangu zimekazwa tu! Ijumaa najitambulisha kwa baba yake Stara. Harithi, fundi wa kibaraza cha pili, naye anamtaka, na kichwa chake ni msitu. Tutaona.

Jumanne, 4 Juni
Samli imefika kwa basi la Mpwapwa. Nimejipaka. Baridi ya Dodoma ikaigandisha kichwani kama mshumaa. Salwa kaimalizia ila yake: kemikali hiyo ilijaribiwa kwenye seli za kisahani cha maabara, si kwenye kichwa cha mjomba. Na hata dawa ya kweli haichagui, inagusa na nyuzi zisizohusika, ndipo watafiti wanapohangaika. Watoto hawa kwa kukatisha tamaa! Nimeongeza tabaka.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Sebule ya akina Stara ina joto, chai ya moto, na mimi nimevaa kofia. Nikainama kumwamkia mzee, samli ikashuka hadi puani. Paka wao mweupe akanirukia begani, akaanza kulamba. Mzee akatazama dari. Stara akanisindikiza mlangoni.

"Upara niliuona kitambo, Hamidi, na nimekupenda hivyo hivyo," alisema. "Harufu ndiyo siiwezi. Rudi Ijumaa ijayo bila samli. Ukija nayo, baba atampokea Harithi."

Nimelia njia nzima hadi nyumbani Nkuhungu.

Jumamosi, 8 Juni
UNYWELE! Utosini! Mweupe, lakini unywele ni unywele. Salwa kauvuta kwa vidole viwili, ukatoka bila ubishi, kasema ni wa paka. Wivu wa wasomi. Jeni ikishaamka huiachi ikalala tena. Nimeagiza debe zima. Ijumaa Stara atanishukuru.