Kasha la Bi Shanta na Kitanda cha Sita kwa Sita

Elibariki hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako bila kukuomba. Elibariki alikuomba, mchana kweupe, nawe ukampa na kumshukuru. Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe, na pale Kariakoo wengi walimwamini kabla ya kumfahamu.

Jumatatu asubuhi alikuwa anakunywa supu nje ya duka moja la samani alipomsikia mama wa Upanga, Bi Shanta, akimlalamikia mwenye duka.

"Binti yangu Nirali anaolewa. Nataka kasha la mninga, kona zimekatwa kwa mkono. La mashine sitaki. La mkono nalipa milioni moja na laki mbili."

Kijiko cha Elibariki kilisimama njiani.

Kona za kasha zuri hazipigwi misumari. Ubao mmoja hukatwa meno yaliyopanuka mbele kama mkia wa njiwa, na mwenzake huchongwa nafasi za kuyapokea. Yakishakaa, hayachomoki kwa kuvutwa. Mashine huyakata kwa nusu saa. Fundi wa mkono, kwa msumeno na patasi, hutumia siku tatu na mgongo wake. Kwa hiyo kuna bei mbili, na katikati ya bei mbili hakukosi mtu kama Elibariki.

"Shikamoo mama. Kasha lako analo babu yangu Gaudens, Buguruni. Ana miaka themanini na mitatu. Umeme anausikia tu kwenye redio ya jirani."

"Marahaba. Lilete Ijumaa, hapa hapa."

Babu huyo alikuwa amezaliwa dakika ile ile, tayari na mvi zake.

Elibariki akaenda mbio hadi Keko, kwa Fundi Ansbert.

"Fundi, nitengenezee kasha la mninga. Kona za mashine, bei ya chini. Alhamisi nalitaka."

"Hela?"

Hela haikuwepo. Kilichokuwepo ni kitanda cha sita kwa sita na godoro lake, mali pekee ya maana aliyokuwa nayo, akaahidi kuiweka rehani.

"Kitanda chenyewe cha mkono?"

"Cha kiwandani, fundi. Wewe nikudanganye?"

"Kilete. Ukikitaka tena, njoo na laki mbili na nusu."

Elibariki akalala kwenye sakafu siku tatu, akiota milioni.

Alhamisi kasha lilifika, akaliinamia kulikagua. Kona zote nne zilikuwa safi mno! Wembe usingepita kati ya jino na jino. Kuhusu kazi ya mkono alijua jambo moja tu: binadamu hukosea. Akachukua tupa na kisu cha jikoni, akaikwaruza kona moja mpaka ikafanana na mkate uliogugunwa na panya, akaipaka chai ya rangi. Angeendelea na nyingine, ila tupa ilimparua kidole.

Ijumaa, pale dukani Kariakoo, Bi Shanta alivaa miwani, akalizunguka kasha polepole kama daktari wodini. Kwenye zile kona tatu nzima alikaa muda mrefu. Aliupitisha ukucha kwenye kijino kimoja chembamba, akakohoa kidogo. Kisha akaifikia kona ya nne.

"Babu yako alipatwa na nini hapa?"

"Machozi, mama. Alimkumbuka marehemu bibi."

"Akamlilia kwa tupa?"

Elibariki akakificha mgongoni kile kidole kilichoparuliwa.

"Kijana, hizi ni alama za tupa, na hii ni chai. Useme mwenyewe au nimwite mgambo?"

"La mashine, mama! Mama yangu, nisamehe, ni la mashine tupu!"

"Umesema mwenyewe, na mwenye duka amesikia. Basi nakupa laki mbili na nusu, na mkokoteni mpaka Upanga utausukuma wewe, kwa niaba ya babu."

Elibariki alizipokea kwa mikono miwili. Angalau kitanda kingerudi.

Keko alimkuta Fundi Ansbert ameketi juu ya kitanda hicho, akinywa uji.

"Umeuza?"

"Laki mbili na nusu. Mama kagundua ni la mashine."

Uji ulimpalia fundi. "La mashine? Mashine yangu imekufa tangu Jumapili! Nimelikata kwa mkono, siku tatu. Hukuviona vile vijino vyembamba? Kisu cha mashine hakiwezi kupita pale. Mtoto wa seremala yeyote anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliagiza la mashine. Ningekwambia ni la mkono, ungeogopa bei, ukakataa kulichukua. Ila Bi Shanta anajua, baba yake alikuwa seremala. Kakuta namba yangu chini ya kasha, kanipigia sasa hivi. Anataka jingine, milioni na laki mbili. Na kanieleza habari ya tupa na chai, tumecheka mpaka simu ikaisha salio."

Elibariki alinyoosha laki mbili na nusu. "Nipe kitanda changu."

"Laki tano."

"Fundi! Tulipatana!"

"Tulipatana cha kiwandani." Ansbert akasogea pembeni. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umekwaruzwa vizuri kwa tupa, na ulinukia chai. "Hiki, bwana mdogo, ni cha mkono."