Majina Arobaini Ndani ya RAM

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Kompyuta imefika hotelini kwetu Bofa! Meneja, Bwana Mwambire, akauliza nani anaijua. Nikainua mkono. Niliwahi kuiona moja Mombasa, dirishani. Kanze, mpiga taipu wetu, alikohoa. Kikohozi cha wivu.

Jumanne, 4 Agosti
Fundi ameeleza: mashine ina kumbukumbu mbili. Ya ndani, anaiita RAM, ni nyepesi mno, lakini umeme ukikatika husahau kila kitu. Ya pili ni diski, kisahani cheusi chembamba. Haisahau, ila ni kobe! Amesema kila robo saa nihifadhi kazi kwenye diski. Nikahifadhi. Mashine ikakoroma dakika nzima. Kanze na taipureta yake: majina ishirini ya wageni. Mimi: tisa. Fedheha!

Jumatano, 5 Agosti
Mpango! Diski ndiyo inayonichelewesha. Basi nimeiacha. Kabla ya chai, kwaya nzima ya watu arobaini wanaokuja Ijumaa imeingia kwenye mashine, kila mtu na chumba chake. Meneja kanipiga bega, kasema huenda nikawa msaidizi wake. Kanze akauliza, "Kaka Nahashon, umehifadhi?" Nikamjibu kwamba waoga hawaendelei.

Alhamisi, 6 Agosti
Saa nane mchana umeme ukakatika. Dakika mbili tu! Ukarudi. Kwaya haikurudi. Na barua zao za kuomba vyumba Meneja amekwenda nazo Mombasa, harudi hadi kesho. Nikaanza kuandika kwa kichwa. Nikawakumbuka watu sita, wawili kati yao ni mchungaji yule yule.
Nilikuwa nimejiinamia Kanze aliponiwekea mezani karatasi mbili. Orodha kamili! Alikuwa ameichapa jana kutoka kwenye skrini yangu, nilipokwenda kunywa chai. "Nimewahurumia wageni," akasema, "na wewe kidogo." Machozi yakanilengalenga. Vumbi, bila shaka.

Ijumaa, 7 Agosti
Wote wamepata vitanda. Meneja alipotusifu, Kanze alisema kazi tuliifanya pamoja. Sikumkatiza.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimemshawishi Meneja. Fundi ameiongezea mashine RAM maradufu! Majina themanini sasa yataingia bila kuigusa diski hata mara moja. Kanze ameomba meza yake isogezwe karibu na yangu. Naona kasi yangu imemvutia.