Mashati Ishirini na Kopo la Biskuti

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu ametapika mara sita kabla sijamaliza kufagia. Maji katapika. Mate yake mwenyewe katapika. Mimba ina wiki tisa na mwenye mimba amebaki macho na meno. Mumewe ni dereva wa lori, yuko safarini. Kila jioni anapiga simu kuuliza kama mkewe amekula. Hajala. Kesho yake anauliza tena.

Kazini hawajui. Ni karakana ya sare za shule, cherehani kumi na mbili kwenye mstari mmoja, na yeye ni wa vifungo. Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu, yanakwisha Ijumaa ya wiki ijayo. Msimamizi wao ni mwanamke mkavu, futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akila. Namwita Mama Futi. Nimemwonya mjukuu: huyo akijua una mimba kabla majaribio hayajakwisha, kazi huna. Mjukuu akasema, Bibi, si tumwambie tu. Nikamwuliza nani alianza kushika sindano katika nyumba hii, yeye au mimi. Akakimbilia chooni. Hilo si jibu.

Dawa nimeipata. Kopo la biskuti, la bati, lenye mfuniko. Mezani kwake tayari ana moja la vifungo. La pili litakaa chini, miguuni. Akizidiwa anainama kama aliyeangusha sindano, anamaliza, anafunika. Nani atajua? Shule nimeishia darasa la tatu, lakini kichwa kipo.

Jumanne, 4 Machi

Makopo yanafanana. Hilo sikulifikiria, na si kosa langu, sikuyatengeneza mimi.

Mama Futi alitaka nafasi ya kupimia kitambaa mezani. Akalishusha kopo la vifungo chini, bega kwa bega na mwenzake. Mjukuu kainama, kafungua, kamaliza. Vifungo mia nne, vyeupe. Akafunika, akaazima vifungo kwa msichana wa pembeni, akakaa na siri yake mguuni mpaka saa ya kutoka. Ameniletea nyumbani amelishika kwa mikono miwili kama anayebeba mayai.

Nimeviosha vyote kwa sabuni, maji matatu. Nimevianika juu ya kanga. Jirani kauliza naanika nini. Nikamwambia apite na njia yake.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, huu hauna kopo.

Mashine yao ya matundu ya vifungo imekufa, inangoja kipuri. Kwa hiyo matundu yanakatwa na kushonwa kwa mkono, na ruhusa ipo ya kubeba kazi nyumbani. Nimemwambia mjukuu aombe mzigo mkubwa. Yeye atalala, mimi nitashona, Mama Futi atapokea kazi nzuri na kumsifu mtu asiyehusika.

Mzigo umekuja mchana. Mashati ishirini ya wavulana, matundu sita kila shati. Kauleta mkata vitambaa wao, mzee mmoja anayetembea na mkasi mfukoni kama silaha. Mzee Mkasi huyo akasimama mlangoni akaanza kunifundisha. Eti upande wa matundu ameshauwekea alama ya chaki, nifuate chaki. Nikamwambia nimeshona blauzi za wanawake miaka thelathini, sijawahi kuongozwa na chaki ya mtu. Akasema haya mama, kazi njema. Alivyolisema hilo "haya" sikulipenda.

Nimeyatazama mashati. Chaki yenyewe siioni. Mzee muongo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshona tangu jua linatoka. Matundu yamenyooka, uzi umekaa, hata aliyenizaa angenipa mkono. Kasoro ni sindano za siku hizi. Tundu lake dogo mno, wanabania chuma. Mjukuu amenitungia uzi siku nzima, amelala ubavu mkekani, kila sindano nampa ananirudishia. Mara mbili kanitungia huku anatapika. Huyo ndiye mtoto niliyemlea.

Maji kakataa. Tangu asubuhi sijamwona akienda haja ndogo. Nilisema nikimaliza shati hili nitamwuliza. Nikamaliza, nikashika lingine.

Ijumaa, 7 Machi

Ameanguka. Alikuwa anakwenda kuoga ili apeleke mzigo kazini, akaanguka hapo kwenye kizingiti, bila sauti, kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Jirani, yuleyule niliyemfukuza Jumanne, ndiye aliyemshika miguu tukampeleka zahanati. Nimemshukuru. Kwa ufupi.

Dripu mbili. Muuguzi ni msichana mdogo lakini kinywa chake kikubwa. Kaniuliza mgonjwa amekojoa lini mara ya mwisho. Nikamfunika mgonjwa miguu kwa kanga. Akasema huku si kule kutapika kwa asubuhi kunakopita na kipande cha mkate, huu ni ugonjwa, unamkausha mtu, na mgonjwa alitakiwa kuletwa siku tatu nyuma. Akasema na mengine. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe mtu amenisema mpaka akamaliza.

Kaandika barua ya kazini: mgonjwa ana mimba, apumzike wiki mbili. Barua nimeitia kifuani. Majaribio bado wiki moja.

Narudi nyumbani kuchukua shuka, namkuta Mzee Mkasi mlangoni, kafuata mashati. Akakunjua moja. Akakunjua la pili. Akaniuliza kwa upole, mama, hawa wavulana watavaa blauzi?

Matundu yote nimeyakata upande wa kulia. Upande wa wanawake. Mkono ulikwenda ulikozoea. Na tundu likishakatwa limekatwa, hakuna wa kulirudisha. Matundu mia moja na ishirini. Mzee akanionyesha chaki yake, eti hii hapa, upande wa kushoto, kwenye kila shati. Nikamwambia ameichora sasa hivi. Akayaacha mashati, akasema niyarudishe mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri njia yote ya kwenda zahanati. Nitamwambia Mama Futi nyumba imeingia mwizi, kachukua mashati, kamjeruhi mjukuu, ndiyo maana hayupo. Mimba haitajwi, matundu hayatajwi; Mzee Mkasi akiyataja, nitasema ni muongo, kama wa chaki. Nimemweleza mjukuu. Ana mpira wa dripu mkononi, midomo imempasuka. Akasema, Bibi, basi. Jumatatu nakwenda kusema yote.

Ndipo nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu. Nilikuwa na mimba ya mama yake, miezi minne, nashona kwa watu. Bosi aliniona natapika dirishani. Hakuuliza kitu. Aliniambia chukua mkasi wako uende. Nilitembea mpaka nyumbani mkasi mkononi, watu wananipisha njia.

Mjukuu kanishika mkono kwa ule wake wenye sindano. Halafu akasema, Bibi, nipe barua. Nikamwuliza barua gani. Akanyoosha kidole kifuani kwangu.

Nimempa. Imelowa jasho kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Tumekwenda, yeye kaniegemea, mimi nimebeba mashati. Mama Futi kasoma barua, kaikunja. Akasema anajua tangu wiki ya kwanza ya kutapika. Eti mtu hawezi kuinamia sindano mara kumi na mbili kwa siku halafu kila mara akaibuka na machozi. Akasema yeye mwenyewe ana watoto watano, na mimba ya wa tatu ilimtapisha palepale kwenye cherehani ya dirishani mpaka siku ya kujifungua. Alikuwa anangoja kuambiwa, maana mtu haingiliwi siri yake. Akauliza ni nani aliyemshauri msichana afiche.

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama dari. Dari yao inavuja.

Mjukuu atapumzika wiki mbili. Majaribio yatasimama, yataendelea akirudi, na atakaa dirishani, mbali na harufu ya mafuta ya mashine. Kasema asante, kaanza kulia, kisha akaomba kopo.

Mashati Mama Futi aliyatazama kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye matundu. Akasema mkono kama huu hajauona miaka mingi, umekosea upande tu. Shule hiyo ina wasichana pia. Mzee Mkasi atabadilisha kola, ishirini haya yawe yao, wavulana wakatiwe mengine. Mzee kakubali. Anangoja nimshukuru. Atangoja.

Jumanne, 11 Machi

Mjukuu kanywa nusu kikombe cha maji na kimekaa. Nimehesabu dakika ishirini.

Mama Futi kaleta salamu. Anataka mimi nimshonee matundu hapa nyumbani mpaka kipuri kipatikane. Mimi, kwa umri huu, nimeitwa kazini. Ila kuna sharti, na najua limetoka mkasini: nikapimwe macho kwanza. Eti chaki ilikuwepo.

Macho yangu mazima. Lakini wapimaji hawakosi la kusema, na wakisema, kazi sina. Kwa hiyo Mama Futi hatajua kitu. Bango la herufi la kupimia macho linatundikwa zahanati, ukutani mkabala na kitanda alicholala mjukuu. Kalitazama siku mbili, hakuwa na kingine cha kutazama. Nimemwambia anitajie herufi zote, juu mpaka chini, nikariri, kesho niwahi foleni.

Akasema, Bibi, si umwambie tu. Nikamwambia anyamaze, ataje. Amecheka mpaka tukalitafuta kopo.

Mstari wa kwanza tayari uko kichwani. Una herufi moja tu, lakini ni kubwa.