Kamati ya Kuthibitisha Uzee

Taifa litangaziwe: uzee si jambo la mtu kujiamulia tena. Kuanzia mwezi wa tatu, mzee yeyote wa hapa Nyeri anayetaka bima ya afya ya serikali ni lazima apitie Kamati ya Kuthibitisha Uzee, ambayo karani wake ni mimi, na ambayo ina muhuri wake na birika lake la chai.

Njia za bima ni tatu, na zinaeleweka na yeyote aliyelala vizuri. Mzee ajilipie. Au alipiwe na watoto wake. Au, akishapita miaka sabini, alipiwe na serikali. Kwa sababu ambazo bado tunazichunguza, wazee wote walichagua ya tatu. Mtaa wa Ruring'u peke yake ulitoa wazee mia mbili, ilhali bajeti iliruhusu tisini tu kuzeeka.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kinuthia, hakubabaika. Ni mtu wa miaka hamsini na minane kulingana na kitambulisho, nywele nyeusi tititi, hasa siku za Jumatatu. Alitunga Kanuni ya Saba: kitambulisho hakitoshi, kila mzee alete shahidi wa rika lake, na shahidi huyo awe mtumishi wa serikali aliye kazini. Watumishi wa serikali hustaafu wakiwa na sitini. Miezi minne ikapita bila mzee hata mmoja kufaulu. Mfumo ukasifiwa kwa utulivu wake.

Nairobi wakamtuma mkaguzi, Bi. Tabby, aje kujifunza kwetu. Alikuwa bado anatafuta sukari wakati Shosho Wakonyo, bibi kizee wa kijiji cha Gatitu, alipoingia.

"Kijana, Alhamisi napasuliwa macho," akaniambia. "Hii ya kushoto ilikufa. Hii ingine imebaki kidogo. Daktari amesema bila bima nirudi tu nyumbani."

"Pole, shosho. Shahidi?"

"Niko naye."

Nikachungulia nyuma yake. "Wapi?"

"Si huyo anakunywa chai."

Bwana Kinuthia akatua kikombe. "Mama, mimi sikujui."

"Ati mama? Haiya! Wee Kinuthia, mama yako ni mimi?" Akatoa picha kwa kikapu. "Hii ni siku ya kipaimara yetu. Mimi ni huyu. Wewe ni huyu, na kaptura ya kuazima."

Bi. Tabby akaipokea, akaigeuza. Nyuma padri alikuwa ameandika majina yote na mwaka: 1966. Akafungua faili la Mkurugenzi.

"Hapa unasema ulizaliwa sitini na saba," akasema polepole. "Ulipata kipaimara mwaka mmoja kabla hujazaliwa?"

"Familia yetu ni ya wacha Mungu," akajibu Mkurugenzi. "Halafu, watu hufanana."

"Na hiyo kovu ya kichwa?" Shosho akauliza. "Si ni punda ya padri ilikupiga teke ukiiba ndizi zake? Hata kwa picha umefungwa kitambaa."

Ofisi nzima ikalitazama kovu. Mkurugenzi akautazama mlango. Mlangoni kulikuwa na foleni ya wazee, na hakuna aliyekuwa anapisha.

"Kinuthia," Shosho akasema kwa sauti ya chini, "sikukuja kukuharibia. Sina mwingine wa rika letu aliye kazini. Nataka tu kuona. Weka sahihi."

Akaweka. Nikapiga muhuri wino ukiwa bado mbichi, maana mimi ni mchapa kazi.

Alhamisi Wakonyo akapasuliwa. Ijumaa barua ikatoka Nairobi: Bwana Kinuthia amestaafu, tena alistaafu miaka kumi na miwili iliyopita, ni sisi tulichelewa kuambiwa.

Jumatatu nikamkuta kwenye benchi la wazee, nywele zikiwa na rangi yake halisi, fomu mkononi.

"Kijana, mimi niandike ile njia ya tatu," akasema. "Niko na sabini na mbili. Dawa ya presha imeisha na kichwa inaniuma. Nipitishe haraka."

"Heshima zako, mzee. Shahidi wa rika lako, aliye kazini serikalini?"

"Wee, unajua hakuna!"

Nikafungua daftari nihakikishe, kwa kuwa Kanuni ya Saba haijafutwa na aliyekuwa na uwezo wa kuifuta ndiye huyo aliye kwenye benchi.

"Alikuwako mmoja, mzee. Kaunti nzima, mmoja tu. Lakini amestaafu Ijumaa."