Viti vya Kuazima

Jumatatu, 16 Juni 2025

"Mmh." Hivyo ndivyo alivyosema Madam Prossy. Ilitoka puani, fupi, ikashuka mwishoni kama ndoo inayogusa chini ya kisima kikavu. Imekaa masikioni mwangu tangu asubuhi. Nimeisikia katika somo la Historia. Nimeisikia nikila posho, ugali wa shule.

Madam Prossy ni mlezi wa wasichana hapa shuleni kwetu, Mvara. Nilikwenda ofisini kwake kuomba niingizwe katika Tuzo ya Uvumilivu. Wanafunzi wa zamani huitoa kila mwaka kwa mwanafunzi wa senior ya tano au ya sita, madarasa mawili ya mwisho, aliyeshikilia masomo katikati ya taabu zake. Mshindi hupata kitanda cha bweni bure mpaka amalize shule, na godoro jipya juu yake.

Kitanda ninacho. Mimi ni wa bweni. Ninachotaka ni kile kinachotangulia kitanda: mtu mzima anasimama mbele ya shule nzima, anataja jina lako, anakwambia pole.

Aliniuliza taabu yangu ni ipi. Nikasema paa linavuja. Akanikumbusha kwamba baba yangu anauza mabati Ediofe. Nikamfafanulia kwamba ninazungumzia paa la Bibi, mama wa mama yangu, huko Koboko, ambako roho yangu ndiko inakoishi. Nikaongeza popo.

Mmh.

Sikutaja habari za Mama. Kufiwa si taabu, ni jambo lililotokea. Darasani tuna akina Drani wawili, jina lenye kifo ndani yake, na hakuna aliyewapa hata kalamu. Sisi Walugbara humpa mtoto jina la msiba ulioikuta nyumba siku zile anazaliwa. Majina mazito, ya kufaa kabisa kwa mashindano kama haya. Mimi ni Ayikoru. Furaha. Mama ndiye aliyechagua. Hakufikiria mbele.

Jumatano, 18 Juni

Majina matatu yamebandikwa ubaoni. Serge, Filda, mimi.

Serge hanitishi. Baba yake ni mfanyabiashara kutoka Kongo, anauza vitenge Vurra, karibu na mpaka. Serge yuko bweni tangu senior ya kwanza. Taabu yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni upweke.

Filda ndiye adui. Mama yake hainuki kitandani tangu alipoanguka na gunia la mihogo kichwani. Filda humwogesha, humpikia, kisha hudandia lori la vitunguu linalotoka Vurra, na akifika hapa kipindi cha kwanza kimekwisha. Husinzia katika Jiografia na bado ni wa tatu darasani. Mimi ni wa saba, macho wazi. Linaloniudhi zaidi ni kwamba hasemi. Taabu yote ile, ameikalia kimya kama kuku juu ya mayai. Hata jina hakupeleka mwenyewe. Madam Prossy ndiye aliyempeleka, kwa sababu bila kitanda Filda ataacha shule muhula huu ukiisha. Mvua zikikaza, lori haliji. Jirani yao, Annet, ameahidi kumwangalia mama. Kinachokosekana ni kitanda tu.

Nimeandika hayo ili nimjue adui vizuri. Si kwa huruma.

Jambo baya: kamati itatembelea nyumba zetu. Koboko Jumamosi. Nilimpigia Bibi simu upesi nikampa maagizo. Viti vifichwe. Redio ifichwe. Mbuzi aende kwa mjomba. Uwanja usifagiliwe. Blanketi jipya lisionekane. Bibi akauliza kama ni wageni wanaokuja. Nikasema ndiyo, wageni wakubwa, wa gari.

Alinyamaza. Nimechukulia kwamba amekubali.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nimefanya kazi safi. Nilimkuta Filda bombani, nikamshauri kama dada. Nilimwambia kwamba kamati ni watu wenye heshima zao, itakuwa aibu wakikuta nyumba tupu. Aazime viti. Aazime vikombe. Mama yake avalishwe vizuri, akalishwe, atabasamu. Nia yangu ilikuwa wazi kwangu mwenyewe: nyumba ikipendeza, taabu haitaonekana.

Filda akasema ameshaazima viti. Nani asingeazima? Kinachomsumbua ni meza, kwa kuwa ina mkwaruzo mbaya katikati.

Nikampa kitambaa changu cha meza. Kile cheupe cha kufuma, chenye maua kwenye pembe. Ni cha Mama, alikifuma mwenyewe, na ndicho kitu chake pekee nilicho nacho sandukuni. Sijui kwa nini nilikitoa hicho wakati ninayo shuka. Nadhani ni kwa sababu kazi ikifanywa, ifanywe kikamilifu.

Filda alikishika kwa ncha za vidole. Akaniuliza kama nina hakika. Akasema atakirudisha kimefuliwa na kupigwa pasi. Watu wa namna hii ni vigumu kushindana nao.

Jumapili, 22 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Tulikwenda Koboko kwa gari la Bwana Obitre, mwenyekiti wa kamati, mtu mkubwa mwenye kucheka kwa tumbo. Madam Prossy alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma, nikikunja uso kwa mazoezi. Njiani niliwaandaa. Niliwaambia wasishangae wakikaa chini.

Viti vilianzia barabarani. Sisemi uongo. Viti vya plastiki vya kanisa, viti vya mjomba, stuli za jirani, kochi la mtu fulani lenye vitambaa. Uwanja umefagiliwa mpaka una mistari kama nywele zilizochanwa. Mbuzi ameogeshwa. Redio ilikuwa juu ya meza, inaimba. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, gomesi lile la rangi ya zambarau, na nyuma yake wamama wote wa kijiji na sufuria zao.

Nilimvuta kando. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, tulikubaliana nini. Akanitazama kama mtu aliyeokota mtoto asiyemjua. "Mugeni yangu nakaa chini? Kwa nyumba ya nani?" Kisha akaenda kumnawisha Bwana Obitre mikono.

Kuku wawili. Nyama ya kukaushwa iliyoungwa kwa simsim, ufuta wa kusagwa. Ugali wa muhogo na mtama, mlima mzima. Bwana Obitre alipewa firigisi, kama mgeni wa heshima, akaila amefumba macho. Alilegeza mkanda. Paa nalo halikuvuja, maana jua lilikuwa kali. Na hata hivyo wajomba walikuwa wamelifunika kwa turubai. Hata popo hawakutokea.

Bwana Obitre akauliza, kwa adabu, nyumba hii inapungukiwa nini. Bibi akasema haipungukiwi kitu, Mungu ni mwema. Nikaona maisha yangu yote yakiondoka kwa mguu.

Ndipo akaongeza neno. Alisema ni kitu kimoja tu kinachomsumbua: mutoto huyu. Tangu tulipomzika mama yake hajalia. Siku ya mazishi watu wote walikuwa chini wakilia, na yeye alikuwa anaosha vikombe. Waliosha wengine, yeye akavichukua akaviosha tena. Mpaka leo hajalia, na baba yake haulizi.

Madam Prossy akaweka kikombe chini. Wamama wakaacha kupakua. Hata redio, nadhani mtu aliizima. Wote wakanitazama.

Nikawaeleza haraka kuhusu popo. Jinsi wanavyonuka, uharibifu wao, madhara yao kwa masomo ya mtoto wa kike. Nilizungumza muda mrefu. Hakuna aliyeuliza swali.

Njiani kurudi Bwana Obitre alilala. Bibi ameniharibia kila kitu.

Jumanne, 24 Juni

Kamati ilikuwa kwa Filda jana asubuhi, kisha kwa Serge mchana. Habari nimezipata kwa Filda mwenyewe, na nyingine nimesikia nje ya dirisha la ofisi, nikifunga kamba ya kiatu.

Ushauri wangu kwa Filda umefanya kazi vizuri mno. Viti vilipangwa. Kitambaa cha Mama kilikuwa mezani. Annet aliazima kuku kwa shemeji yake. Mama Filda alivalishwa akaegemezwa gunia la mahindi mgongoni, gunia likafunikwa kitenge, naye akatabasamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuonyesha maumivu. Bwana Obitre alisifu sana. Alisema ni nyumba yenye mpangilio, ya watu wanaojiweza. Madam Prossy alibisha. Alisema yeye anajua hali halisi. Bwana Obitre akajibu kwamba kamati inaandika ilichokiona.

Na kwa Serge? Kwa Serge hapakuwa na mtu. Serge alisahau kuwaambia nyumbani, na ukoo mzima ulikuwa umevuka mpaka kwenda sokoni Aru. Mlango ulikuwa na kufuli. Hakuna kiti, hakuna maji, hakuna wa kusema karibu. Bwana Obitre alikaa juani juu ya beseni lililopinduliwa mpaka kichwa kikamzunguka. Aliporudi ofisini alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kuona ufukara wa namna ile.

Baba yake Serge ana maduka.

Nilipaswa kucheka. Niliona tu gunia la mahindi lililovikwa kitenge, na sikucheka.

Ijumaa, 27 Juni

Serge ameshinda. Alilia jukwaani kwa Kiswahili, kwa Kilingala, na kidogo kwa Kifaransa. Mimi aliniambia baadaye, "Dada, hata miye sijui mutu gani alinitaja." Yuko bweni tayari. Sasa ana magodoro mawili, analalia moja juu ya jingine, anasema ni laini mno, mgongo unamuuma.

Filda alipiga makofi mpaka mwisho. Kisha akanirudishia kitambaa, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimefungwa katika karatasi safi. Akaniambia pole kwa kukosa. Yeye akaniambia mimi. Alisema mama yake alikipenda sana, alikuwa anakipapasa maua hata wageni walipokuwa wanaongea. Akasema Jumatatu ataanza kurudisha vitabu vya shule.

Nikakirudisha kitambaa mikononi mwake. Nikamwambia akipeleke tena nyumbani, mama aendelee kukipapasa.

Madam Prossy aliniita jioni. Alifunga mlango. Akasema, "Pole, mwanangu. Pole kwa mama." Akavuta kiti karibu na chake, akasema nikae, nina muda wote ninaoutaka, niseme chochote au nisiseme.

Nilikipangusa kiti mara mbili, kwa sababu ya vumbi. Nilikaa. Kisha nikamuuliza kama mazungumzo haya yatahesabiwa katika tuzo ya mwaka ujao.

"Mmh," akasema.

Jumapili, 29 Juni

Nimefikiri sana, na nimeona kosa lilipokuwa. Nilishindania taabu ambayo sikuwa naishi ndani yake. Nilikuwa na paa la kuazima. Mtu akitaka tuzo, lazima awe na taabu kamili, kuanzia asubuhi, na mashahidi.

Basi nimeshafanya. Jana nilikwenda kwa Madam Prossy nikamwambia kitanda changu namba ishirini na mbili sasa ni cha Filda, mpaka tumalize senior ya sita, na mimi nitakuwa mwanafunzi wa kutoka nyumbani. Nyumbani kwao Filda. Baba ameshalipia mwaka huu, na ujao atalipia vilevile, bweni halipungui kitu. Kwa Baba nilipiga simu. Alikuwa na wateja, akasema sawa. Madam alinitazama muda mrefu sana, akaandika. Hakuelewa mkakati, lakini aliandika. Filda alilia akanikumbatia, jambo lililonichelewesha. Nilimwambia asinishukuru, ni mashindano.

Ninaandika nikiwa hapa, njia ya Vurra, juu ya ile meza yenye mkwaruzo. Kesho nitadandia lori la vitunguu. Asubuhi Annet alinifundisha jinsi ya kumgeuza Mama Filda bila kumuumiza: mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, polepole. Nilimwogesha. Ana kovu dogo kwenye kisigino. Mama alikuwa na kovu pia, lakini kwenye goti. Nilimwosha mgongo mara mbili.

Aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema hapana, hujala, akamwita Annet alete ugali. Kisha akataka kujua jina langu. Nikamwambia. Alilirudia taratibu, Ayikoru, akasema aliyekupa alikuwa anakupenda. Nilitoka nje kidogo kwa sababu ya moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa bado halijawashwa, lakini moshi wa jana hukaa.

Niliporudi nilimpa maagizo ya mwaka ujao. Kamati ikija, asiazime kiti hata kimoja. Asiegemee gunia. Asitabasamu. Kitambaa kiwe kimefichwa chini ya mto.

Alikuwa anakipapasa, ua kwa ua. Alinyamaza.

Nimechukulia kwamba amekubali.