Shemeji Anasoma, Mimi Natoa Kiti

Jumapili, 8 Desemba

Moyo wangu, tulia. Leo baada ya ibada Mchungaji ametangaza kwamba tutarekodi video ya ile hadithi ya zamani ya sikukuu, ya Ajuza na Taa. Mtu mmoja ataketi kitini na kuisoma kwa sauti, kama tulivyosomewa utotoni. Itatumwa kwenye simu za wagonjwa, wazee na wote wasioweza kufika kanisani. Anatafutwa msomaji.

Mimi! Nani mwingine? Hadithi hiyo naijua neno kwa neno. Nimewasomea wanangu kila mkesha, tangu wakikaa mapajani hadi sasa wanaponisikiliza huku wanafunga viatu watoke. Nikanyoosha mkono. Nikanyoosha na wa pili. Mchungaji akatabasamu, akatazama juu ya kichwa changu, akamwita shemeji.

Shemeji! Kaka yake mke wangu. Mwalimu, pande la mtu, sauti kama amemeza ngoma. Kanisa zima likapiga makofi. Mke wangu naye akapiga. Kisha Mchungaji akanigeukia kwa upole: na wewe fundi, tutakuomba kile kiti chako kikubwa cha kijani, msomaji akalie.

Lakini kinachoniuma hasa ni mama mkwe. Miguu haimchukui tena, ibada anaifuata kwenye simu. Tangu nimwoe binti yake ananiita "yule wa makochi". Sasa atamwona mwanawe akisoma, na mimi nitakuwa wapi? Chini ya makalio ya mwanawe.

Nimeomba nipewe moyo wa unyenyekevu. Bado haujafika.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekubali kutoa kiti. Tena kwa furaha! Maana nimepata wazo. Juu kwenye egemeo, pale kichwa kinapolala, nitatarizi jina la karakana yangu: RAHA TUPU MAKOCHI. Uzi mwekundu juu ya mahameli ya kijani. Mama mkwe atake asitake, atanisoma.

Mke wangu akauliza, kichwa cha kaka yake je, hakitaliziba? Swali zuri. Shemeji ana kichwa ambacho watu wawili wangeweza kukikalia. Lakini nilikuwa nimeshashona R, na R imetoka nzuri mno. Ataegemea upande.

Akasema huko tunapeleka neno, hatupeleki biashara. Nikamjibu hata safina ya Nuhu lazima ilikuwa na alama ya fundi mahali fulani. Akasema haijaandikwa. Nikasema wala haijakanushwa. Akaenda kulala.

Alhamisi, 12 Desemba

Wazo kubwa zaidi! Limenijia nikiwa nasali. Sijatambua bado kama limetoka juu au chini.

Kiti ni changu. Springi ni zangu. Kamba zinazozishika nilizifunga mwenyewe. Nikizilegeza zile za katikati, kidogo tu, mtu mzito akikaa atazama polepole. Hataumia, Mungu apishe mbali! Atakunjika tu. Na sauti ile ya ngoma inataka tumbo lililonyooka. Atakwama, atakohoa, ataomba radhi. Mchungaji ataangaza macho: jamani, nani mwingine anaijua hadithi? Nami nitakuwa nimesimama mlangoni, kwa bahati tu, nimevaa suti.

Nimelegeza. Nikakaa kujaribu. Kazi safi! Nilizama mpaka magoti yakanifika masikioni. Kutoka ndiyo sikuweza. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikaimba tenzi zote ninazozijua, nikarudia zile zenye pambio. Aliporudi akauliza nafanya nini humo. Nikasema natafakari. Akanishika mkanda wa suruali, akanivuta, akaenda kumenya viazi. Ndoa ni kitu cha baraka.

Nimekaza tena fundo moja ili asizame upesi, nikapanga sponji juu. Kwa nje kiti kimevimba kama mandazi, hakina hatia.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika kabla hata sijavua suti.

Tulirekodia sebuleni kwa Mchungaji. Mpiga picha ni yule wa harusi, na hajui kazi nyingine. Alimwambia shemeji atazame kamera kama anamtazama bibi harusi. Shemeji akakaa. Nikafumba macho.

Kimya! Kiti kikashika! Ukurasa wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Lile fundo moja nilikuwa nimelikaza kwa ustadi mno. Nimesimama mlangoni na suti yangu, jasho linanitoka, naomba. Nilichokuwa naomba sitakiandika hapa.

Ndipo akafika pale penye upepo mkali, ajuza analinda taa yake ili msafiri asipotee njia. "Naye ajuza akakaa imara," shemeji akanguruma, "wala hakutikisika."

Kiti kikasema ng'iiii.

Akaanza kushuka. Polepole! Kama jua linavyotua! Na kadiri kichwa chake kilivyoshuka, nyuma yake yakapanda maandishi mekundu, herufi moja baada ya nyingine. Ee Mungu wangu. Nilikuwa nimeyasahau! RAHA TUPU MAKOCHI, na chini yake mtu anamezwa.

Nikasogea mbele, nikarekebisha tai. Hakuna aliyeniita. Mchungaji alikuwa amejifunika uso kwa pazia, mabega yanacheka. Na shemeji hakuacha kusoma! Magoti masikioni, kitabu amekiinua juu kama mtu anayevuka mto na simu yake, alisoma mpaka "amina" ya mwisho. Tulimtoa watu watatu. Akajipangusa, akasema, "Shemeji, kiti chako hakijala tangu jana?"

Nikapendekeza tuanze upya, na msomaji mwepesi zaidi. Mpiga picha akasema ana harusi.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekwenda studio kuokoa jina langu. Nimemwambia mpiga picha, kaka, pale penye maandishi weka maua. Kaelewa mara moja. Hakutaka hata shukrani, ila kochi lake la wateja limelegea, kama ningeweza kuliangalia. Nimelikaza lote. Sijawahi kukaza kochi namna ile. Ukilikalia linakurudisha.

Nimelala vizuri.

Jumanne, 24 Desemba

Video imetumwa.

Maua yapo. Ameyapanga kulizunguka jina, mfano wa shada, na mioyo midogo inapanda ikimetameta. Shemeji anaposhuka, unaanza muziki wa maharusi wakiingia ukumbini.

Mwenye duka la kona ameniita Raha Tupu. Kinyozi naye. Mtoto nisiyemjua amenionyesha kidole, akachuchumaa polepole akisema ng'iiii. Shemeji ndiye shujaa: aliyekaa imara. Hospitali imemwomba aende kuwasomea wagonjwa.

Na kesho tunakula kwa mama mkwe.

Jumatano, 25 Desemba

Nilikwenda kama mwizi aitwaye ofisini. Mama mkwe alikuwa kitandani, mito mgongoni, simu kifuani. Akaniita karibu. Shemeji akasimama dirishani, amekunja mikono. Mke wangu akanipiga kiwiko: sema. Nikaamua kukiri. Kweli niliamua! Nikafungua mdomo.

Mama mkwe akanitangulia. Akasema ameitazama video hiyo mpaka simu ikazimika, akaichaji, akaitazama tena. Akasema hajacheka hivyo tangu mumewe afariki. Marehemu alikuwa na kiti kilichobonyea vilevile, kila jioni mama alikuwa akimvuta amtoe, kila jioni wakiangukiana wote wawili. Akapangusa macho. Viti vya siku hizi, akasema, vinakukataa. Hicho kinakupokea.

"Nitengenezee kama hicho, mwanangu."

Mwanangu! Mbele ya shemeji! Nimengoja neno hilo tangu nikiwa na nywele.

Akauliza nimewezaje. Mke wangu akanitazama. Mdomo bado ulikuwa wazi kwa ajili ya kukiri, lakini kilichotoka ni: "Mama, huo ni mtindo mpya."

Shemeji akakohoa. Akasema alikipindua kiti baada ya kurekodi, akaona mafundo yamelegezwa vizuri sana. Panya wa kwangu, akasema, ni mafundi kweli. Nikamwambia sina panya. Akasema anajua.

Ijumaa, 27 Desemba

Siku ya furaha! Watu wanapiga simu wakitaka kiti kinachopokea. Na Mchungaji amekuja mwenyewe: mwakani, msomaji ni mimi! Shemeji ndiye aliyenipendekeza. Video itaonyeshwa ukutani, kanisa zima, na mama mkwe ataletwa na gari akae mbele.

Nami nilimdhania vibaya mtu yule. Mchana amepita karakana, mpole kama njiwa. Ameomba nimfundishe kidogo kazi ya springi. Wapi hulegezwa, wapi hukazwa, mtu wa uzito wangu huchukua muda gani kufika chini. Nimemwonyesha yote. Alikuwa akiandika! Mwalimu mzima, anajifunza kwangu. Mwisho akaniambia mwakani nisihangaike na kiti, atakileta yeye.

Maombi hujibiwa. Nitavaa ile suti, na jina safari hii nitalitarizi mgongoni mwa koti.